UZI: Kikosi cha taifa cha vijana kisivunjwe mashindano yakiisha

Jirani wa Mamboleo (Kisumu), mwanzisha uzi

Wadau, salamu kutoka kando ya ziwa. Uzi huu ni mrefu, someni mkipata nafasi. Jambo lenyewe limenikaa rohoni tangu Desemba 2023 na sitaki tulijadili kwa hasira za matokeo ya wiki fulani.

Mwishoni mwa 2023 mashindano ya CECAFA (baraza la mpira la Afrika Mashariki na Kati) ya vijana wa chini ya miaka 18 yaliletwa huku kwetu. Mechi ziligawanywa kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta hapa Mamboleo na Bukhungu kule Kakamega. Timu zilikuwa nane: sisi, Rwanda, Somalia na Sudan kundi moja, Uganda, Tanzania, Zanzibar na Sudan Kusini kundi la pili. Kocha wetu alikuwa Salim Babu. Vijana wakapambana hadi fainali, na Uganda ikabeba kombe tukiwa tunatazama.

Siku ile nilikaa chini kabisa karibu na uzio, mahali unaposikia wachezaji wakizungumza. Nilichokitazama zaidi ni mipira ya kurusha. Mtu anaweza kuona ni kitu kidogo, lakini pale ndipo unapojua timu imekaa pamoja muda gani. Kijana wa Uganda anaokota mpira, hata hajainua kichwa, umeshatoka mkononi. Mwenzake alikwisha anza kukimbia. Wetu walikuwa na mbio na nguvu, na roho ya kutaka, lakini mrushaji anasimama, anatafuta, anaonyesha kidole, sekunde zinakwenda, beki wa upande wa pili keshajipanga. Hilo halifundishwi kwa hotuba kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Linakuja kwa kucheza pamoja mpaka ujue mwenzako anapenda mpira uje mguu gani.

Sasa tazameni kilichofuata, maana ndicho kiini cha hoja yangu. Kazi haikuishia pale. Babu akaendelea na timu ya chini ya miaka 20, na baadhi ya vijana wa Mamboleo wakaendelea naye. Oktoba 2024 wakaenda Dar es Salaam kwenye CECAFA ya U20, wakafika fainali tena. Tanzania ikachukua kombe, lakini fainali ile ilitupeleka AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya U20 kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii. Miaka yote tangu uhuru hatukuwa tumekanyaga pale.

Misri 2025 tulipangwa na Morocco, Tunisia na Nigeria. Morocco ilitufunga 3-2. Tunisia 3-1. Na Nigeria tukatoka 2-2. Tukarudi na pointi moja, na mitandaoni watu wakawatukana wale watoto hadi nikaona aibu kusoma. Miezi mitano baadaye, Oktoba 2025, Morocco hiyo hiyo ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la U20 kule Chile, ikaifunga Argentina 2-0. Mabingwa wa dunia! Timu yetu ya kwanza kabisa kufika AFCON ya umri ule ilipungukiwa na bao moja tu mbele yao. Kijana wa miaka 19 aliyefanya hivyo hastahili kuambiwa ametuaibisha.

Hoja yangu ni hii: tuliona matunda kwa sababu safari hii moja hatukuanza upya. Kwa kawaida yetu tunaita watoto wiki chache kabla ya mashindano, tunawapa jezi, wanacheza, wanarudi nyumbani na nauli, basi. Mashindano yanayofuata kocha ni mwingine, majina ni mengine, hata daftari la mazoezi halipo. Nataka tuseme kwa sauti moja kwamba kikosi cha vijana kikishaundwa kikae pamoja angalau miaka miwili, kocha wake abaki nacho, na kambi ziwe kila likizo ya shule. Na kambi mojawapo iwe huku Magharibi, maana watoto wengi wanatoka huku na uwanja upo. Ule wa Mamboleo ulifunguliwa kwa sherehe za Madaraka 2021. Usikae ukingoja matamasha na mikutano ya siasa.

Karibuni tujadiliane. Matusi hapana.

---

Shieywe Damu (Kakamega)

Mulembe wadau. Mwanzisha uzi, umenikumbusha Bukhungu ile wiki. Watoto wa shule walijaa mpaka wengine wakawa juu ya ukuta, na hakuna aliyeuliza tiketi ya nani inasema nini. Wengi wao ndiyo mara ya kwanza kuona jezi ya taifa kwa macho, mbali na televisheni.

Naongezea moja. Agosti 2025 michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki ilifanyika hapa Kakamega. Najua zile ni timu za shule, za taifa ni jambo lingine, lakini huwezi kuzitenganisha. Huku kwetu mchezaji anajengwa na shule. Klabu inamchukua akiwa tayari. Aldrine Kibet na Amos Wanjala walipita St Anthony's Boys Kitale kabla ya kwenda akademia ya Nàstic kule Uhispania. Upande wa wasichana nenda Butere, nenda Madira, nenda Wiyeta uone.

Kwa hiyo mtu akisema kambi ya timu ya taifa, kwanza aulize mwalimu wa michezo amesemaje. Mwalimu ndiye anayejua mtoto gani ana goti bovu na yupi hajala tangu asubuhi.

---

Mwalimu wa Uwanja wa Chini (Trans Nzoia)

Asante ndugu yangu wa Shieywe kwa kututambua. Mimi nafundisha na nasimamia timu ya wasichana, na ningependa uzi huu usiwe wa wavulana peke yao, kwa sababu waliotangulia Kombe la Dunia ni wasichana.

Junior Starlets, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, ndiyo timu ya kwanza ya Kenya, ya umri wowote na ya jinsia yoyote, kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Mwaka ulikuwa 2024, Jamhuri ya Dominika, chini ya kocha Mildred Cheche. Tiketi waliipata kwa kuifunga Burundi mabao 5-0 kwa jumla ya mechi mbili. Wakapangwa na Uingereza, Korea Kaskazini na Mexico. Uingereza 2-0, Korea Kaskazini 3-0, wakafungwa. Mechi ya tatu wakaifunga Mexico 2-1. Korea Kaskazini wakaenda hadi mwisho wakabeba kombe. Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saba, kwa hiyo mechi zilituangukia usiku, na bwenini kwetu tuliwaruhusu wasichana waamke watazame. Mlinzi wa usiku naye akaleta kiti chake akakaa nao.

Sasa nataka mjue tunachokabiliana nacho shuleni, maana hamkioni mkiwa jukwaani.

Kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Mtoto amezaliwa nyumbani, mzazi hakusajili ndani ya miezi sita, kwa sheria hiyo tayari ni usajili wa kuchelewa. Wengi wanakumbuka cheti pale jina la mtoto linapotakiwa kwenye orodha ya mtihani wa taifa. Kinachoandikwa siku hiyo ni kile mzazi anachokumbuka, na mara nyingine anakumbuka msimu wa mahindi kuliko tarehe. Miaka inapita, msichana anaitwa timu ya taifa, anaambiwa alete paspoti. Paspoti ya mtoto inataka cheti, inataka kitambulisho cha mzazi na idhini yake. Mama yuko Mombasa kikazi, baba hajulikani aliko, shangazi ndiye mlezi. Kambi inafunguliwa Jumatatu. Nimeshuhudia nafasi ikimpotea msichana namna hiyo, na alikuwa bora kuliko aliyechukua nafasi yake.

Pili ni mitihani. Kombe la Dunia lile lilichezwa kuanzia Oktoba 16 hadi Novemba 3. Kwetu hapo ndipo msimu wa mitihani. Mzazi anakuuliza, "Mwalimu, huyu akirudi na jezi bila cheti cha kidato cha nne, utamwajiri wewe?" Huwezi kumjibu kwa wimbo wa taifa.

Kambi ya miaka miwili anayoisema mwanzisha uzi naiunga mkono kwa sababu hiyo hasa. Timu ikijulikana mapema, makaratasi yanashughulikiwa mapema, na shule inajipanga na masomo ya mtoto. Kinachotuua ni barua ya kuitwa kuja Ijumaa jioni.

---

Namba Sita Nakuru

Habari zenu. Nasoma na nakubaliana na mengi, lakini niruhusuni nipinge kidogo.

Kikosi kikifungwa miaka miwili, mtoto wa Molo au Subukia aliyechipuka baadaye ataingilia wapi? Wavulana hawakui pamoja. Nimeona mtoto wa miaka 15 mdogo kama wa darasa la sita, anasukumwa kila mpira wa juu, kocha anamwacha. Mwaka mmoja baadaye amerefuka na akili ya mchezo alikuwa nayo tangu zamani, ila orodha ilishaandikwa.

Kuna tatizo jingine linalojulikana dunia nzima. Umri unahesabiwa kuanzia Januari 1. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanacheza daraja moja, ingawa mmoja ana karibu mwaka mzima wa misuli zaidi. Ukichagua kikosi mapema ukakifunga, umechagua watoto wa Januari hadi Machi, kisha unashangaa baadaye vipaji vimeenda wapi.

Na sisi Nakuru tunasahaulika. Uwanja wetu wa Afraha umekuwa mikononi mwa wajenzi muda mrefu, watoto wetu wanasafiri kutafuta uwanja wenye nyasi. Msitufanye wageni kwenye kambi ya Magharibi.

---

Jirani wa Mamboleo (mwanzisha uzi)

Namba Sita, hoja nzito hiyo na nashukuru umeileta.

Ninavyoona mimi, kikosi kisichovunjwa kinahitaji uti wa mgongo tu. Kipa, mabeki wa kati, viungo wawili, mshambuliaji mmoja, na wachache wa kuwasaidia. Hao wasibadilishwe bila sababu. Nafasi zilizobaki ziachwe wazi kila likizo: mtoto anakuja, anafanya mazoezi na wenzake wanaojuana tayari, na kocha anaona haraka kama anafaa. Ukileta watoto 40 wasiojuana uwanja mmoja, kila mmoja anapiga chenga ili aonekane, na anayepasi vizuri ndiye anayeachwa. Nimeona majaribio ya aina hiyo hapa Kisumu mara nyingi. Yule anayecheza kwa akili, anayegusa mara moja na kuachia, jina lake halisomwi jioni.

Kuhusu wale waliozaliwa mwisho wa mwaka, nakuunga mkono kabisa. Kocha awe na orodha yenye tarehe za kuzaliwa mbele yake anapochagua, ajiulize kwa nini Oktoba, Novemba na Desemba hakuna mtu.

Nakuru karibuni. Kutoka kwenu hadi huku ni safari ya asubuhi moja kwa matatu.

---

Ziwa Kusini (Mwanza)

Ndugu zetu wa Kenya, shikamooni wakubwa, na habari za leo kwa wengine. Nafuatilia uzi huu kutoka ng'ambo ya ziwa.

Sisi mnatuona tumewachukulia lile kombe la Dar es Salaam 2024, na kabla ya hapo fainali ya U20 ya 2019 kule Uganda pia tulikutana nanyi tukashinda. Msidhani tuna siri kubwa. Kilichotusaidia ni ngazi. Mtoto anaanza kwenye michezo ya shule, UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi, anapanda UMISSETA akiwa sekondari, na makocha wa timu za taifa za vijana wanakwenda kule kukaa na kutazama. Akiitwa, tayari kuna mtu anamjua kwa jina.

Serengeti Girls, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, walipofuzu Kombe la Dunia la 2022 waliitoa Cameroon, 4-1 ugenini na 1-0 Zanzibar. India wakaanza kwa kufungwa 4-0 na Japan. Huku nyumbani watu wakasema tumekwisha. Wasichana wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada 1-1, wakaingia robo fainali. Pale Colombia ikawatoa 3-0. Naliandika hili kwa ajili ya wale mnaowatukana watoto baada ya mechi ya kwanza. Timu ya vijana hubadilika ndani ya siku nne, kwa sababu wao bado wanajifunza hata wakiwa kwenye mashindano.

Nina ombi kwenu. Kisumu na Mwanza ni majirani wa maji. Kwa nini mechi za kirafiki za vijana wetu zichezwe Nairobi na Dar peke yake? Timu ya U17 inaweza kuja uwanja wetu wa Nyamagana, nasi tukaja Mamboleo. Gharama ya basi ni ndogo kuliko ya ndege, na watoto wanapata mechi ya kimataifa kabla ya ile ya kufa na kupona.

---

Shieywe Damu (Kakamega)

Ziwa Kusini, marahaba, na wazo lako lichukuliwe. Na Waganda nao wako hapo Mbale, karibu zaidi. Hao walifika Kombe la Dunia la U17 la 2025 kule Qatar kwa mara ya kwanza, wakaifunga Ufaransa 1-0. Tukicheza na watu wa aina hiyo mara kwa mara tutajijua tulipo. Sasa hivi tunajijua siku ya mashindano, na hapo hakuna muda wa kurekebisha.

---

Mama Winga (Nyalenda)

Hamjambo wanangu na ndugu zangu. Mimi ni mzazi. Mwanangu ana miaka 16, anacheza winga ya kushoto. Sijui mambo ya FIFA lakini kuna jambo nataka kuuliza, na pia kuwaonya wazazi wenzangu.

Alipoonekana kwenye mashindano fulani, alikuja mtu nyumbani, amevaa vizuri, anaongea kwa upole. Akasema ana klabu nchi ya nje inamtaka mtoto. Akatoa karatasi mbili za kizungu nitie sahihi, na akataka pesa za "kushughulikia". Nilimwambia angoje kaka yangu atoke kazini asome. Akasema ndege haingoji. Hapo moyo ukakataa. Nikamkaribisha chai, nikamsindikiza mpaka stejini, nikarudi nikafunga mlango.

Swali langu: je, kuna njia halali ya mtoto wa umri huu kwenda, au wote ni waongo? Maana majirani wanasema nimemnyima mwanangu bahati.

---

Karani wa Ligi (Busia)

Mama, heshima yako. Ulifanya sawasawa, na majirani wasikusumbue.

Nitaeleza kwa urahisi. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Kuna nafasi chache za pekee. Moja, wazazi wenyewe wamehamia nchi ile kwa sababu zisizohusu mpira. Nyingine, uhamisho ndani ya Umoja wa Ulaya au eneo lake la kiuchumi kwa walio na miaka 16 hadi 18, ambao haumhusu mtoto anayetokea Kisumu. Nyingine inawahusu wanaoishi mpakani, na sisi wa Busia na Malaba tunaijua: mtoto anaishi kilomita zisizozidi 50 kutoka mpaka, klabu nayo iko ndani ya kilomita 50 upande wa pili, jumla isipite 100, na mtoto anaendelea kulala nyumbani kwao. Mtu akikuambia mwanao wa miaka 16 atasajiliwa na klabu ya ligi kuu ng'ambo wiki ijayo, mwulize anatumia nafasi ipi kati ya hizo. Kuna watoto wanaokwenda akademia kwa masomo na mafunzo, lakini pale pia makaratasi yapitie kwa shirikisho na kwa shule, na wewe mzazi upewe nakala unayoweza kuisoma.

Jingine, Mama, na hili wadau wote mlishike. Timu ya mtaa inayomlea mwanao isajiliwe rasmi. Mchezaji anapouzwa kwa ada kutoka klabu moja hadi nyingine kimataifa, asilimia 5 ya ada ile inagawiwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Tufanye ada ni yuro milioni moja. Fungu lile ni yuro 50,000. Klabu iliyomlea kuanzia miaka 12 hadi 15 inapata sehemu ya tano, yaani yuro 10,000, zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya. Kwa timu ya mtaa wetu hizo ni mipira, nyavu, na nauli ya misimu kadhaa. Tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo chake maalum kinachosimamia malipo hayo, lakini kinafuata rekodi za usajili. Kama jina la mtoto halikuandikwa popote akiwa na miaka 13, kwenye mfumo ni kama alizaliwa na miaka 17 akiwa na viatu miguuni.

---

Mama Winga (Nyalenda)

Mungu akubariki, Karani. Nitamwonyesha kocha wake wa mtaa maneno haya leo jioni. Yeye huandika majina kwenye kitabu cha mazoezi ya shule, nadhani hajui kuna pesa ndani.

---

Picha ya Mfupa (Eldoret, nyumbani Vihiga)

Nimeona watu wanazungumzia vyeti na hakuna aliyegusa suala la umri wenyewe. Nafanya kazi ya kupiga picha za mwili hospitalini, acha nieleze kidogo, kwa sababu uvumi ni mwingi.

Kipimo kinachotumika kwa wavulana wa U17 ni MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ya kifundo cha mkono. FIFA ilikitumia kwenye Kombe la Dunia la U17 la 2009 kule Nigeria, na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, nayo hukitumia. MRI haina mionzi kama eksirei, ndiyo maana inakubalika kwa mtoto asiye mgonjwa. Mtoto analaza mkono, anatulia dakika chache, basi. Tunatazama mwisho wa mfupa wa kigasha, mahali penye sehemu laini ambapo mfupa hurefukia. Kuna madaraja kutoka 1 hadi 6. Daraja la 6 maana yake mfupa umeungana kabisa, na kabla ya miaka 17 hilo ni nadra sana, chini ya mtoto mmoja kwa mia.

Kipimo hicho hakisemi umezaliwa tarehe ngapi. Kinasema tu kama kuna uwezekano mkubwa umepita miaka 17. Na kwa wasichana hakitegemewi hivyo, maana mifupa yao huungana mapema zaidi.

Ninachotaka kusema kwa makocha wa huku: msimpe kijana cheti kipya ili acheze U17. Anakaa kambini, anajituma, anafika siku ya kipimo, anarudishwa nyumbani mbele ya wenzake, na kikosi kinabaki na pengo wiki moja kabla ya mechi. Anayeumia ni yule aliyeambiwa na mtu mzima, "sema umezaliwa mwaka huu." Na nyuma yake kuna mtoto wa kweli wa miaka 15 aliyekuwa na haki ya ile jezi.

---

Mwalimu wa Uwanja wa Chini (Trans Nzoia)

Naam. Na ndiyo maana nasema cheti kishughulikiwe mtoto akiwa kidato cha kwanza, kabla hajaitwa popote na kabla mtu yeyote hajapata sababu ya kukichezea.

---

Namba Sita Nakuru

Mwanzisha uzi, jibu lako kuhusu uti wa mgongo limeniridhisha. Swali moja limebaki. Hao wachezaji wa uti wa mgongo wakisajiliwa nje, kama Kibet aliyekwenda klabu ya Celta Vigo ya Uhispania, utawapataje kwa kambi? Klabu hailazimiki kumwachia mchezaji kwa mashindano ya vijana. Kwa timu ya wakubwa ina lazima kwenye tarehe za FIFA, lakini kwa U17 na U20 inategemea hiari yao.

---

Jirani wa Mamboleo (mwanzisha uzi)

Kweli kabisa, na watu wengi hawajui hilo, wanadhani mchezaji amekataa nchi yake.

Ndiyo sababu mazungumzo na klabu yaanze mapema. Ukiwaandikia wiki mbili kabla, watakataa, nami ningekuwa wao ningekataa. Ukiwapa kalenda ya mwaka mzima, tarehe za kambi, jina la daktari wa timu na mazoezi mtoto atakayofanya, unapata nafasi ya kusikilizwa. Na ukinyimwa, aliyebaki nyumbani awe amefanya mazoezi ile nafasi muda mrefu, asiwe mtu wa kuokotwa siku ya mwisho. Kila nafasi kwenye uti wa mgongo iwe na watu wawili.

Kutokana na yaliyosemwa humu, nimeanza kuandika barua kwa ofisi ya michezo ya kaunti na kwa tawi letu la mpira. Nitaomba mambo haya: Mamboleo ipewe timu za taifa za vijana kwa kambi ya likizo ya Agosti na ya Desemba, siku ya usajili wa vyeti na paspoti kwa wachezaji walio chini ya miaka 17, ofisi zote zikiwa mahali pamoja, na mechi za kirafiki na vijana wa Mwanza na wa mashariki mwa Uganda. Mwalimu, naomba unitumie kwa ujumbe wa faragha mfano wa fomu ya idhini ya mzazi mnayotumia shuleni. Karani, nisaidie kipengele cha usajili wa timu za mtaa, wewe unakijua kuliko mimi. Shieywe, tafuta anayeshughulikia Bukhungu tujue likizo zipi uwanja uko wazi.

Atakayependa jina lake liwemo kwenye barua aandike hapa chini kaunti yake na timu anayoilea.

---

Karani wa Ligi (Busia)

Busia, timu mbili za U15, moja ya wasichana. Kipengele nitakuletea kesho.

---

Mama Winga (Nyalenda)

Kisumu, mzazi. Kama wazazi wanaruhusiwa, niandikeni.

---

Jirani wa Mamboleo (mwanzisha uzi)

Mama, wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha.